Msumeno Unaofuata: Mhadhara kwa Maseremala wa Nyumbani

Mwenyekiti, walimu wa ufundi, mafundi wa Keko mliokaa nyuma kabisa kana kwamba mmekuja kunikagua, na ninyi wengine ambao useremala wenu ni wa jioni na wa siku za mapumziko: nimeombwa nizungumze juu ya chombo kimoja tu, nami nimechagua kile ambacho watu wanapohesabu vyombo vya seremala hukitaja mwisho, au hukisahau.

Ni huu hapa. Fremu ya chuma iliyokunjwa kwa umbo la herufi U, mpini wa mti, na bledi nyembamba iliyotandwa kati ya ncha mbili za fremu. Urefu wa bledi ni inchi 6 na nusu, yaani milimita 165 hivi. Upana wake ni kama milimita 3, na unene wake nusu milimita. Dukani utasikia ukiitwa kopingi. Mimi nitauita msumeno wa mapindo, maana kupinda ndiyo kazi yake, na maana nataka niutenge na msumeno wa kukatia chuma, ambao muuzaji asiyejali anaweza kukupa ukaenda nao nyumbani.

Msumeno wa mkono tuliouzoea una ubapa mpana, na ubapa huo ndio unaonyoosha kazi. Ukishazama sentimita tatu ndani ya ubao, kuta za njia yake zinaubana kulia na kushoto, na fundi hata akitaka kuupotosha hafiki mbali. Msumeno wa mapindo hauna ubapa wa kubanwa. Bledi yake inaweza kugeuka ndani ya njia yake, kwa hiyo haina mwelekeo wake yenyewe: inafuata. Inafuata mkono, inafuata nyuzi za mbao, inafuata upande ambao meno yake bado ni makali kuliko upande wa pili, inafuata mkunjo wa fremu iliyolegea. Kazi yote ya kuchagua na kuutumia msumeno huu ni kuhakikisha kwamba kati ya hayo yote unafuata kimoja tu, nacho ni mstari uliouchora. Mengine nitakayosema leo yanatoka hapo.

Nianze na kona ya chumba, kwa kuwa huko ndiko msumeno huu ulikopata heshima yake kwa maseremala wa majumba.

Chukua chumba unachotaka kukizungushia skatingi ya mbao yenye urembo juu: mbonyeo, kisha mviringo mdogo, kisha ukingo. Mbao mbili zinakutana kwenye kona ya ndani. Anayeanza hukata kila ubao kwa digrii 45, kwa kuwa shuleni alifundishwa kuwa 45 na 45 ni 90. Hesabu haina kosa; kosa liko ukutani. Mwiko wa mwashi haufiki vizuri konani, plasta hubaki nene pale, na kona ambayo ramani inasema ni digrii 90 ukiipima unakuta 88 au 93. Mbao zikikutana, zinagusana nyuma na kuacha ufa mbele, au zinagusana juu na kuachana chini. Ukizipigilia misumari ndiyo kwanza zinavutwa kuufuata ukuta, na ufa unapanuka. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi mwenye haraka huuziba kwa gundi na unga wa mbao, anapaka rangi, anachukua pesa yake. Kiangazi kikija mbao inakauka na kusinyaa, na mwenye nyumba anauona ufa uleule akiwa amejilaza kochini.

Njia ya msumeno wa mapindo haibishani na ukuta. Ubao wa kwanza unaukata mraba tu, kichwa kimegusa ukuta wa kona, na unaupigilia. Ubao wa pili ndio wenye kazi. Unaanza kwa kuukata digrii 45, si kwa sababu utaunganisha kwa digrii 45, bali kwa sababu mkato huo unaichora sura ya urembo kwenye uso wa ubao: pale uso unapokutana na mkato mpya pana ukingo unaopanda na kushuka sawasawa na umbo la skatingi yenyewe. Pitisha penseli kwenye ukingo huo ili uonekane. Kisha kwa msumeno wa mapindo unaufuata mstari huo, ukiondoa mbao yote iliyo nyuma yake. Unapokata, laza bledi kidogo ili nyuma iondoke zaidi kuliko mbele. Digrii tano hadi kumi zinatosha. Ukimaliza, kichwa cha ubao wa pili kina umbo kinyume la uso wa ubao wa kwanza, nacho kinaupanda kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli lake. Kwa kuwa mbao imeondolewa nyuma, kinachogusa ni ukingo wa mbele peke yake. Kona iwe 88, iwe 93, ukingo huo bado unagusa. Mbao ikisinyaa, ubao wa pili unarudi nyuma kidogo, na anayetazama bado anaona mbao nyuma ya mbao, haoni giza la ufa.

Sehemu ya chini ya skatingi, ile iliyonyooka, usiikate kwa msumeno huu. Ikate kwa msumeno wa kawaida wenye meno madogo, kisha utumie bledi nyembamba pale tu palipo na mapindo. Weka kipande cha skatingi ileile kando, kiwe cha kujaribia. Ukiona panapogusa mapema, pasugue kwa tupa ya duara au kwa msasa uliozungushwa kwenye penseli. Na njia hii ni ya kona za ndani tu. Kona za nje, zile zinazotokeza chumbani, bado zinataka digrii 45 zenu, na huko hakuna ujanja zaidi ya kupima pembe halisi na kuigawa kwa mbili.

Nimekaa sana kwenye kona hiyo kwa makusudi. Watu wengi wanadhani msumeno huu ni wa kuchezea, wa kukatia watoto sanamu za tembo na twiga kwenye plaiwudi. Sanamu za tembo ni kazi nzuri, nami nitazifikia. Lakini thamani yake kubwa nyumbani ni kukutanisha mbao mpya na kitu kilichopo tayari ambacho hakikunyooka na hakitanyooka: bomba linalopita katikati ya shelfu, sakafu yenye mawimbi, ukuta wa zamani. Aliyewahi kutia rafu katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Unguja au ya Lamu anajua ninachosema. Zile kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, ni nzuri, na hazina mstari hata mmoja ulionyooka. Pale huleti ubao mraba ukausukuma. Unausogeza ubao karibu na ukuta, unafungua bikari kiasi cha nafasi iliyo pana kuliko zote, unaipitisha ncha moja ukutani huku penseli ikichora kwenye ubao, na ukuta wenyewe unakuchorea mstari wako. Kisha unaukata. Mchoro ukikaa karibu na ukingo wa ubao, msumeno wa mapindo unaumaliza. Ukiwa mbali na ukingo, fremu itagonga mbao kabla hujafika.

Hilo la fremu kugonga ndilo linalotupeleka dukani.

Kina cha fremu, yaani umbali kutoka kwenye bledi hadi mgongo wa U, kwa misumeno mingi ya aina hii ni kati ya milimita 120 na 170. Hicho ndicho kipimo cha umbali unaoweza kwenda ndani ya ubao kabla ya mgongo kukuzuia. Wapo wanaodhani fremu yenye kina zaidi ni bora siku zote. Si kweli. Kila sentimita unayoiongeza kwenye mikono ya U inaifanya fremu iwe nyepesi kukunjika, na fremu inayokunjika haitii mkazo wa kutosha kwenye bledi. Kwa kazi za nyumbani mimi ningechukua fupi yenye chuma kigumu niiache ndefu inayoyumba. Kama kazi yako ni ya nakshi za katikati ya ubao mpana, iko misumeno ya jamaa hiyohiyo yenye fremu ndefu ya milimita 250 na kuendelea, ambayo bledi zake ni nyembamba zaidi, hazina pini, na hubanwa kwa skrubu za masikio. Hiyo ni mali nyingine, na usijaribu kubadilishana bledi zake na za huu.

Ukiwa Kariakoo au popote unaponunua, omba ufunguliwe pakiti. Muuzaji akikataa, nenda kwa jirani yake. Kwanza tazama fremu bila bledi: mikono ya U inapaswa kuwa imeachana zaidi kidogo kuliko urefu wa bledi, kiasi kwamba ili uivishe bledi lazima uibonyeze fremu dhidi ya kifua chako au ukingo wa kaunta. Ubonyezaji huo ndio mkazo wako. Fremu inayopokea bledi bila kubonyezwa imekwisha kulala, na hata ukiuzungusha mpini mpaka mwisho haitakaza.

Pili, tazama vile vishikio viwili vya chuma vinavyoshika ncha za bledi. Kila kimoja kina mfuo ambamo bledi inakaa, na pini za bledi zinazuiwa nyuma ya mfuo. Vishikio hivyo vinazunguka, ili uweze kuielekeza bledi pembeni fremu inapoelekea kugonga mbao, na kila kimoja kina kijiti kidogo cha kuonyesha mwelekeo wake. Weka bledi, kaza, kisha funga jicho moja utazame kwa urefu: vijiti vyote viwili viwe kwenye mstari mmoja. Kama kishikio cha upande wa mpini kinazunguka peke yake kila unapokaza, bledi itasokotwa, na bledi iliyosokotwa haikati mstari wowote duniani. Kwenye misumeno ya bei ndogo hapa ndipo penye ubovu. Mtu anakazana na mkono wake, anajilaumu hana kipaji, kumbe bledi imepinda digrii kumi kutoka juu hadi chini.

Tatu, kaza mpaka mwisho kisha idonoe bledi kwa ukucha. Ilie kwa sauti nyembamba na kali. Ikitoa mlio mzito wa kuvuma, bado imelegea. Mpini wa mti au wa plastiki, rangi ya fremu, jina lililoandikwa juu, hayo nawaachia.

Fremu nzuri unainunua mara moja. Fedha nyingine ziende kwenye bledi. Bledi hizi hazinolewi. Meno ni madogo mno, na nyingi zimeunguzwa kwa moto ziwe ngumu kiasi kwamba tupa haizishiki. Ikichoka, inatupwa. Najua kwetu kutupa chuma ni jambo gumu, tumezoea kulinoa panga mpaka libaki ubavu. Lakini bledi butu ya msumeno huu ina hasara kubwa kuliko bei yake: inakufanya usukume, na ukisukuma inapinda, na ikipinda inaacha mstari au inakatika. Nunua pakiti, si moja moja.

Sasa meno. Bledi huuzwa kwa hesabu ya meno kwa inchi: zipo za 10, za 15, za 18, za 24, hata za 32. Kanuni ninayoitumia ni kwamba wakati wowote meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya mbao. Bledi ya meno 15 ina nafasi ya milimita 1.7 hivi kutoka jino hadi jino, kwa hiyo meno matatu yanataka mbao ya milimita 5 au zaidi. Ukiipeleka bledi hiyo kwenye plaiwudi ya milimita 3, wakati mwingine jino moja tu ndilo lililo ndani, nalo linadaka tabaka la nyuzi na kulinyofoa. Hapo unataka meno 24, ambayo nafasi yake ni kama milimita moja. Kwa upande mwingine, meno 24 kwenye paini ya milimita 20 yatakutesa: matundu baina ya meno yanajaa unga upesi, unga hauna pa kwenda, bledi inapata joto, nawe unaanza kusukuma. Kwa paini nene chukua 10 au 12. Ukilazimika kuwa na aina moja tu ndani ya nyumba, iwe 15, na ukubali kwamba kwenye plaiwudi nyembamba utabandika utepe wa gundi juu ya mstari ili tabaka lisinyofoke.

Mbao nazo si sawa. Paini na mkangazi zinakubali msumeno huu kwa furaha. Mninga unakata safi, ukali wa bledi ukiwa mzuri. Mkongo unataka subira na bledi mpya. Mpingo sishauri kwa unene wowote unaozidi kidole. Ugumu wake unamaliza meno kabla hujamaliza pindo. Na mvule, pamoja na uzuri wake, una vumbi linalowasha pua na ngozi za watu wengi, kwa hiyo funika pua na ukate penye upepo.

Liko jambo ambalo mafundi wawili hawawezi kukubaliana juu yake mezani: meno yaelekee wapi? Yaelekee mpini, ukate unapovuta, au yaelekee mbele, ukate unaposukuma?

Tazameni kinachotokea. Unaposukuma msumeno, kipande cha bledi kilicho kati ya mkono wako na mbao kinabanwa kutoka nyuma, na mkazo wake unapungua. Kitu chenye unene wa nusu milimita kikipungukiwa mkazo hupinda. Unapovuta, kipande hichohicho kinanyooshwa zaidi, na bledi inakuwa imara zaidi wakati ule ule inapofanya kazi. Kwa hoja hiyo peke yake mimi niko upande wa wanaovuta, na ndivyo ninavyomfundisha kila anayeanza.

Wanaosukuma wana hoja yao, wala si ndogo. Mbao ikisimama wima kwenye jiliwa na mstari ukiwa upande wako, jino linalokata kwa kuvuta linatokea kwenye uso ule ule wenye mstari, nalo likitoka linarusha vibanzi pale pale unapotazama. Mstari unachafuka, na unga unaufunika. Anayesukuma anapeleka vibanzi nyuma na kuuona mstari wake safi. Basi kama fremu yako ni ngumu kweli na unakata viungo kwenye jiliwa, geuza bledi, jaribu, uone. Mimi naona ni rahisi zaidi kuupiga mstari kwa ncha ya kisu kabla ya kukata, ili nyuzi za juu ziwe zimekwisha kukatika, kisha nikaendelea kuvuta.

Kwenye kazi za kulala hakuna ubishi. Tengeneza ubao mdogo wenye pengo la umbo la V, uufunge kwa klampu ukingoni mwa meza ili pengo litokeze nje. Plaiwudi yako unailaza juu ya pengo hilo, unakaa kwenye kigoda macho yakiwa karibu na kazi, na msumeno unaushika wima, mpini chini, meno yakielekea chini. Kila mvuto unaibana mbao kwenye ubao wa V badala ya kuirusha juu. Vibanzi vinatokea chini, upande usioonekana. Mkono mmoja unakata, mkono mwingine unaizungusha mbao. Na hili la kuizungusha mbao ndilo wengi hawaliamini: kwenye pindo, kinachogeuka zaidi ni mbao, msumeno unabaki karibu mahali pamoja ukipanda na kushuka.

Kwenye kona kali usiilazimishe bledi. Fika konani, acha kusukuma mbele kabisa, endelea kupandisha na kushusha mahali pale pale huku ukigeuza taratibu. Meno yatajichimbia nafasi ya kugeukia, na bledi ikishaelekea upande mpya, endelea. Anayegeuza huku amesimamisha msumeno anavunja bledi. Mvuto uwe mrefu, utumie karibu urefu wote wa bledi, na uwe wa polepole. Sentimita tatu za katikati zikifanya kazi peke yake zinapata moto na kuchakaa huku ncha mbili bado mpya. Kipande cha mshumaa kikipitishwa kwenye ubavu wa bledi kinapunguza msuguano sana. Na ukimaliza kazi ya siku, legeza mpini mizunguko michache. Fremu iliyobonyezwa usiku na mchana kwa miezi hupoteza ule mkazo ulioulipia dukani.

Sanamu na nakshi, nilizoahidi. Ili kutoboa umbo katikati ya ubao, toboa tundu ndani ya sehemu itakayotolewa, fungua ncha moja ya bledi, ipenyeze tunduni, ifunge tena, kaza, kisha kata. Tundu liwe karibu na mstari lakini lisiuguse. Au, kama kuna kona kali, tundu likae konani penyewe likurahisishie kugeuka. Kwa njia hii unaweza kurudishia ubao wa nakshi uliooza kwenye baraza ya zamani. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, za Mombasa ya kale na za Tanga zina mbao za namna hiyo chini ya paa na kwenye roshani, na anayetaka kuona kazi hiyo ikiwa imefikishwa kilele asimame barabara ya Mizingani, Unguja, aitazame ile zahanati ya zamani ya Ithnasheri, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan. Roshani zake zinafundisha jambo moja la kiufundi ambalo wachoraji wa leo hulisahau: hakuna umbo lililoachwa likining'inia kwenye shingo nyembamba iliyokata nyuzi za mbao. Kila jani limeshikwa pande mbili. Mchoro wako ukiwa na shingo ya namna hiyo, itavunjika mkononi mwako kabla hujaupaka vanishi.

Misumeno ya bledi nyembamba ina ukoo mrefu Ulaya. André-Charles Boulle, aliyezaliwa mwaka 1642 na kufa 1732, fundi wa samani wa Louis XIV wa Ufaransa, aliweka pamoja bati la shaba na gamba la ng'amba, bidhaa ambayo pwani yetu iliuza nje tangu enzi za bandari ya kale ya Rhapta, akavikata vyote kwa mkupuo mmoja. Ua la shaba likaingia kwenye tundu la gamba, na ua la gamba kwenye tundu la shaba, bila kupimana mara ya pili. Nyumbani unaweza kuiga: plaiwudi mbili zilizofungwa pamoja kwa utepe wa gundi zinatoa tembo wawili wanaofanana. Na London, katika miaka ya 1760, John Spilsbury alibandika ramani kwenye ubao mwembamba akaukata kwa kufuata mipaka ya nchi, watoto wakajifunza jiografia kwa kuziunga. Huo ndio mwanzo wa michezo ya kuunga picha. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi mwenye ramani ya mikoa, gundi, plaiwudi ya milimita 4 na msumeno huu anaweza kuifanya kazi hiyo wikendi moja. Akate kwanza mipaka iliyonyooka, ziwa Viktoria alibakize mwisho.

Kwa wanaounda masanduku na droo kwa kiungo cha mkia wa njiwa, msumeno huu unaondoa mbao iliyo kati ya mikia. Ushushe kwenye njia iliyokatwa tayari na msumeno wa kiungo, geuza ukifika karibu na chini, kata kuelekea njia ya pili ukiacha milimita moja au mbili juu ya mstari wa msingi, nazo umalize kwa patasi. Angalieni kitu kimoja: kama msumeno wenu wa kiungo ni mwembamba sana, bledi ya mapindo haitaingia kwenye njia yake. Hapo anzeni kugeuza kutoka juu, mkikata upinde ndani ya taka.

Nimeulizwa kabla sijapanda hapa kama jigso ya umeme haijaumaliza msumeno huu. Jigso ni haraka, na kwenye meza ya jikoni ya milimita 30 sitamshauri mtu ajitese. Lakini bledi yake ya kawaida inakata ikipanda, kwa hiyo vibanzi viko uso wa juu. Inashikwa upande mmoja tu, kwa hiyo kwenye mbao nene inapinda chini bila wewe kujua. Na kwenye kipande cha skatingi chenye upana wa kiganja hakuna pa kuilaza. Umeme ukikatika, nayo imekatika. Mimi ninazo zote mbili, na kwenye kona ya chumba sijawahi kuitoa jigso kwenye boksi lake.

Kwenye meza ile ya kulia nimeweka misumeno minne ya fremu tofauti, mmoja wao mbovu. Atakayeuvisha bledi aniambie kilichouharibu. Kuna skatingi ya paini iliyokwisha kukatwa digrii 45, penseli, na bledi za meno 10, 15 na 24. Wanaoanza wakate plaiwudi kwanza kwenye ubao wa V. Mafundi wa Keko, ninyi mtaanza na kona.